Chemsha bongo kwenye intavyuu: jinsi ya kujibu bila kuganda

Wadogo zangu mnaomaliza MUST, Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na vyuo vingine vya huku nyanda za juu kusini, mkishaitwa intavyuu swali huwa ni lile lile, "kaka nasikia wanauliza mafumbo, nisome kitabu gani?" Kitabu soma tu hakina madhara, ila mimi huwa nakaa upande wa pili wa meza, upande wa wanaouliza, kwenye ofisi moja ya pembejeo hapa Mbeya, na ninachokiona ni kwamba wengi wanaoanguka kwenye haya maswali hawaangushwi na fumbo lenyewe, wanaangushwa na ukimya. Mtu anaulizwa, anainamisha kichwa, dakika tatu nzima kimya, halafu anatoa namba moja tu, "mia mbili", ananyamaza tena. Sasa hiyo mia mbili imetoka wapi? Paneli haijui kilichopita kichwani kwako kwa hiyo haina cha kukupa maksi.

Na siwalaumu sana maana shule zetu zimetulea hivyo, darasani ukikosea unachekwa, na ukimuuliza mkubwa swali juu ya swali lake unaonekana mjuaji. Hiyo adabu nzuri nyumbani, kwenye intavyuu ya namna hii inakugharimu. Hatua zote hapa chini kimsingi ni za kukuzoesha kitu kimoja, kufikiri kwa sauti mbele ya watu wazima usiowajua.

Kidogo tu kuhusu mafumbo haya yalikotoka. Microsoft walikuwa maarufu kwa kuuliza kwa nini mifuniko ya mashimo ya barabarani ni ya duara (moja ya majibu, mfuniko wa duara hata uugeuze vipi hauwezi kutumbukia kwenye shimo lake, wa pembe nne unaweza ukiusimamisha kimshazari). Google nao wakayapenda mafumbo, mpaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu pale Google, akaliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo ya aina hiyo ni kupoteza muda tu, hayabashiri mtu atafanyaje kazi, kazi yake kubwa ni kumfanya anayeuliza ajione ana akili. Mimi nakubaliana naye karibu yote. Ila ofisi nyingi bado zinauliza, na wewe unataka kazi hutaki mjadala, kwa hiyo twende.

Hatua ya 1: jua umepewa swali la aina gani

Kuna makadirio (vinyozi wangapi wako Mbeya), kuna mafumbo ya kupanga na kupima (madumu, mizani, kuvuka mto), kuna mitego ya hesabu ambayo jibu linakuja haraka na siyo lenyewe, na kuna tatizo la kazini, ambalo siku hizi ndiyo linaongezeka na kwa maoni yangu ndiyo swali la maana kuliko yote. Ukishajua aina unajua cha kufanya. Kwenye makadirio hakuna jibu moja, wanaangalia njia. Kwenye mizani na madumu jibu lipo kabisa, wanaangalia kama unajaribu kwa mpangilio au unabahatisha.

Hatua ya 2: lirudie swali kwa maneno yako, halafu uliza

Hapa ndipo watu wanaona aibu. Sema hivi tu, "Asante mwenyekiti, naomba nihakikishe kama nimelielewa. Mnataka idadi ya vinyozi ndani ya jiji peke yake au mkoa mzima? Na wale wanaosuka wanawake tuwahesabu?" Hakuna paneli yenye akili timamu itakayokasirika, na mara nyingi swali limeachwa na tundu makusudi waone kama utalishtukia. Maswali mawili matatu yanatosha, usije ukawageuza wao ndiyo wasailiwa.

Ukiona umeulizwa fumbo unalolijua tayari, sema. "Hili nimewahi kukutana nalo, nieleze njia au mnipe lingine?" Kujifanya unafikiri kumbe umekariri huwa kunaonekana, mtu anakunja uso sekunde tano halafu anamwaga jibu kama sala.

Hatua ya 3: omba karatasi na muda

Nenda na kalamu yako na kidaftari. "Naomba dakika moja niandike" ni sentensi halali kabisa. Chora, hata kama ni vimiduara vya ajabu ajabu. Kama intavyuu ni ya Kiingereza na hesabu kichwani kwako inatembea kwa Kiswahili, andika kwa Kiswahili kwenye karatasi yako, hakuna anayeisahihisha, kisha eleza kwa Kiingereza kilichonyooka cha sentensi fupi fupi. Sentensi za kuombea muda na za kuulizia swali zizoee kabisa kabla hujafika pale, maana presha ikipanda lugha ndiyo inakimbia ya kwanza. Na kama ni Juni au Julai vaa sweta, baridi la Mbeya au Makambako asubuhi linakutetemesha paneli inadhani ni woga.

Hatua ya 4: makadirio, gawa vipande vidogo

Tuchukue hilo la vinyozi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603 Jiji la Mbeya. Hata kama huijui hiyo namba sema "tuseme laki tano", hakuna anayekukamata. Mimi nitatumia laki tano na arobaini. Wanaume chukua nusu, 270,000. Toa watoto wadogo, wanaonyolewa nyumbani na wanaofuga nywele, tuseme wanaobaki kwenda saluni ni theluthi mbili, 180,000. Kila mmoja ananyoa mara moja kila baada ya wiki tatu, kwa hiyo kwa wiki moja vinanyolewa vichwa 60,000. Upande wa kinyozi sasa: kichwa kimoja nusu saa, kuna muda anakaa tu anaangalia mpira, kuna umeme kukatika, tuseme vichwa 12 kwa siku mara siku 6 ni 72 kwa wiki. 60,000 gawa kwa 72 unapata kama 830. Unamalizia, "kwa hiyo naona kati ya 500 na 1,200, nikilazimishwa namba moja nasema 800."

Halafu ipime. Jiji lina kata 36, 800 gawa 36 ni kama vinyozi 22 kila kata. Kata kama ya Ruanda kule sokoni 22 ni wachache, kata za pembeni ni wengi, kwa wastani inaingia akilini. Ungepata vinyozi 300 kila kata ungejua kuna mahali umeongeza sifuri. Hii ya kupima jibu watu tisa kati ya kumi wanaisahau na ndiyo inayotenganisha mtu na mtu.

Kingine, kila namba unayoikisia itangaze kwamba unaikisia na useme kwa nini. Mwanapaneli akikwambia "mimi nanyoa kila wiki", usibishane wala usibomoke, sema "sawa, basi tukifanya wiki mbili badala ya tatu vichwa vinakuwa 90,000 na vinyozi wanafika kama 1,250", umemaliza. Aliyeyapa umaarufu makadirio ya namna hii ni mwanafizikia Enrico Fermi, na swali linalohusishwa naye ni la kukadiria idadi ya mafundi wa piano wa Chicago. Julai 16 mwaka 1945 bomu la kwanza la atomiki lilipojaribiwa kule New Mexico, alidondosha vipande vya karatasi wimbi la mlipuko lilipofika, akaangalia vimesogea umbali gani, akakadiria nguvu ni sawa na tani 10,000 za baruti ya TNT. Vipimo vya baadaye vikaonyesha ni kama mara mbili ya hapo. Sasa kama Fermi kupishana mara mbili ilikuwa sawa, wewe na vinyozi wa Mwanjelwa unaogopa nini?

Hatua ya 5: mafumbo ya kupanga, anzia mwisho au anzia padogo

La madumu: una dumu la lita 5 na la lita 3, hayana alama, maji yapo ya kutosha, pima lita 4 kamili. Ukianza kumimina mimina ovyo utachoka. Anza na unachokitaka. Nataka 4, na 4 ni 5 toa 1, kwa hiyo nahitaji dumu la lita 3 libakize nafasi ya lita 1 tu, maana yake ndani yake kuwe na 2 tayari. Lita 2 nazipata wapi? 5 toa 3. Basi njia imekwisha: jaza la 5, mimina kwenye la 3, zimebaki 2. Mwaga la 3, tia zile 2 humo. Jaza tena la 5, jalizia la 3 ambalo linakula lita 1, kwenye la 5 zimebaki 4. Kusema hiyo "narudi nyuma kutoka kwenye jibu" kwa sauti kuna thamani kuliko lita zenyewe.

La mizani sisi tunalipenda kwa sababu ya biashara yetu. Pakiti tisa za mbegu, moja imepungua uzito, una mizani ya sahani mbili isiyo na mawe, tumia mara chache iwezekanavyo. Wengi wanagawa nne kwa nne na kubakiza moja, wanafika mara tatu. Gawa tatu tatu tatu. Pima fungu moja dhidi ya jingine, upande ukipanda pakiti pungufu iko huko, zikilingana iko kwenye fungu lililobaki. Umebaki na tatu, pima moja dhidi ya moja, kwisha, mara mbili tu. Kilichojificha ni kwamba mizani inatoa majibu matatu (kushoto, kulia, sawa) wakati watu wanagawa kwa mawili. Ukilisema hilo, paneli ikikuuliza "je zingekuwa 27?" unajibu mara tatu bila hata kuchora.

La daraja: watu wanne usiku, tochi moja na bila tochi hakuna kuvuka, daraja linabeba wawili, kasi zao ni dakika 1, 2, 5 na 10, wakivuka wawili wanakwenda kwa mwendo wa mzito, yaani yule wa polepole, wavuke wote kwa muda mfupi iwezekanavyo. Jibu la haraka ni yule wa dakika 1 awasindikize wote mmoja mmoja, inatoka 19. Ila lipo la 17: wavuke 1 na 2, arudi 1, wavuke 5 na 10 pamoja, arudi 2, wavuke tena 1 na 2. Jumlisha mwenyewe, 2, 1, 10, 2, 2. Somo la hapa ni kwamba ukipata jibu la kwanza usifunge daftari, jiulize gharama kubwa iko wapi, na hapa iko kwa wazito wawili kuvuka kila mtu kivyake. Lile la chui, mbuzi na majani la utotoni ni ndugu yake, pale siri ni kumrudisha mbuzi, yaani kukubali kurudi nyuma hatua moja.

Hatua ya 6: jibu likija haraka sana, lishuku

Daftari na kalamu vyote 2,200. Daftari limezidi kalamu kwa 2,000. Kalamu bei gani? Ukisema 200 rudisha: daftari lingekuwa 2,200 na jumla 2,400. Kalamu ni 100, daftari 2,100. Ni mtindo wa swali ambalo Shane Frederick alilichapisha 2005 kwenye jaribio lake la kupima kama mtu anasimama kukagua wazo lake la kwanza. Kwenye jaribio hilo hilo kuna la mashine, ambalo kwa huku tuseme mafundi cherehani watano wanashona sketi tano kwa saa tano, mafundi mia watashona sketi mia kwa saa ngapi? Saa tano. Kila fundi na sketi yake.

Dawa ni moja tu, chukua jibu lako ulirudishe kwenye swali. Sekunde kumi.

Hatua ya 7: tatizo la kazini

Hapa tukae kidogo. Tuseme umeomba kazi kwenye kampuni ya parachichi. Unaulizwa: lori letu limetoka Rungwe na kontena la baridi, mzigo lazima uwe bandarini Dar kesho asubuhi, saa kumi alfajiri dereva anapiga simu yuko karibu na mlima Kitonga, foleni haitembei, kuna gari limelala barabarani. Utafanyaje?

Jibu ninaloliogopa ni "nitatuma lori lingine likafaulishe mzigo." Lori lingine linapita wapi na barabara imezibwa? Huyu hajasikiliza, amekimbilia kutenda ili aonekane mchapakazi.

Anza na unachohitaji kujua. Lori letu zima au na lenyewe bovu? Dereva ameshaingia kwenye kona za mlima au bado yuko juu upande wa Ilula? Mashine ya ubaridi inafanya kazi, na mafuta yake yanatosha saa ngapi, maana parachichi likishapata joto linaanza kuiva na ukilirudishia baridi hujalirudisha lilikotoka. Trafiki wa pale wanasema njia itafunguka lini? Hapo paneli itakujibu mambo mawili matatu, na hayo ndiyo ya kujengea.

Kisha weka njia mbili mezani na uzipime kwa namba. Njia moja kusubiri. Nyingine, kama bado hajaingia kwenye kona na anaweza kugeuza, arudi Iringa apite Mtera na Dodoma. Inaongeza kilometa kama mia tatu, tuseme jumla ana kama 760 mpaka Dar, kwa wastani wa kilometa 50 kwa saa ni saa kumi na tano, ongeza tatu za mizani na dereva kupumzika, akigeuza saa kumi na moja alfajiri anaingia saa tano usiku. Inawezekana. Kwa hiyo sema mpaka wako: "Kama hadi saa mbili asubuhi foleni haijaanza kutembea nageuza, ikizidi hapo ile njia ya Dodoma nayo inaanza kuwa ya mashaka." Mtu anayejiwekea saa ya kuamua namuamini kuliko anayesema atafuatilia kwa karibu.

Na usisahau watu. Mteja na wakala wa bandarini waambiwe mapema kabla mambo hayajaharibika, bosi wako aambiwe umeamua nini na kwa sababu gani, siyo aulizwe afanye nini. Mwisho unaweza kugusia la kuzuia lisijirudie, mfano lori kuondoka nusu siku mapema, sentensi moja inatosha.

Wakikugeuzia kwa kukuuliza tatizo ulilowahi kutatua wewe mwenyewe, mpango ni huo huo, ila hakikisha kuna neno "mimi nilifanya" ndani yake, maana watu wanasema "tulifanya" kuanzia mwanzo hadi mwisho na hatujui wewe ulikuwa wapi.

Ukikwama

Utakwama, wote wanakwama. Usinyamaze. Sema umekwama wapi, "naona nikigawa kwa mbili nabaki na mara tatu, nahisi kuna njia fupi ila bado sijaiona." Mara nyingi mmoja atakurushia kidokezo, kichukue, usione soni, kuna watu wanakikataa kwa kiburi na kurudi kwenye njia ile ile mbovu. Punguza ukubwa wa swali: pakiti tisa zikikushinda jaribu tatu. Ikishindikana kabisa sema ulikofika, basi, nyanyua kichwa usubiri swali linalofuata. Kuomba msamaha mara sita ndiyo kunawachosha.

Usaili wa mchujo wa kuandika

Huu ni tofauti kabisa, karatasi au kompyuta haikusikii ukifikiri kwa sauti. Hapa ni saa. Gawa dakika kwa idadi ya maswali kabla hujaanza, swali likikuzidi muda wake ruka, rudi baadaye. Soma maelekezo uone kama jibu baya linakatwa maksi, kama hayakatwi usiache wazi hata moja. Kwenye mfululizo wa namba angalia kwanza tofauti kati ya namba na namba, zisipoeleweka angalia kuzidisha, kisha angalia kama ni mifululizo miwili imechanganywa.

Mazoezi

Tafuta mwenzako, mmoja awe paneli mmoja asailiwe, na sheria iwe ukinyamaza zaidi ya sekunde ishirini umepoteza. Kujisomea peke yako kimya kimya kunakufundisha kile kile cha kunyamaza. Yaanze haya: watu 10 kwenye kikao wanapeana mikono kila mtu na kila mtu, ni mara ngapi jumla? Konokono yuko chini ya kisima cha mita 10, mchana anapanda 3 usiku anateleza 2, anatoka siku ya ngapi? Saa ya ukutani mshale mfupi umepita kidogo 3 na mrefu uko kwenye 3 kamili, yaani saa tisa na robo, kati ya mishale hiyo kuna nyuzi ngapi?

Majibu ni 45, siku ya 8 (siku hiyo anafika juu kabla ya usiku kuteleza), na nyuzi 7.5, kwa sababu mshale mfupi unatembea nyuzi 30 kwa saa na robo saa ilishapita.